Saiba za Pipeline na Linux: Jinsi ya kuweka programu bila kununua wala kuiba

MTU anayeteremka matatu katika mtaa wa Pipeline, eneo la Embakasi jijini Nairobi, hatembei mbali kabla ya kukutana na saiba. Aghalabu huwa katika orofa ya chini ya jengo refu la kupangisha, imebanwa kati ya kinyozi na duka la M-Pesa, na ndani mna kompyuta tano au sita ambazo zilikwisha kutumika katika afisi za ng'ambo kabla ya kuletwa nchini. Humo ndimo mkazi asiye na kompyuta yake hujaza ripoti ya ushuru ya KRA kabla ya Juni 30, huomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, huchapisha barua ya kuomba kazi na kupitisha kitambulisho chake kwenye skana.

Anapoketi, mteja huyo huuliza bei ya kuchapisha ukurasa mmoja na huuliza iwapo mtandao una kasi. Swali asilouliza ni hili: programu zilizomo katika kompyuta hiyo zilitoka wapi, na ni nani aliyeziweka?

Swali hilo haliwahusu wataalamu pekee. Mteja anapobonyeza PIN yake ya KRA na nenosiri lake, programu yoyote iliyojipenyeza katika mashine hiyo huweza kuwa inasikiliza. Si siri kwamba katika biashara nyingi ndogo mfumo wa Windows na programu za afisi huwekwa kutoka kwa flashi iliyopita mikononi mwa watu wengi, pamoja na kijiprogramu cha kuvunja kufuli ili mfumo ujione umelipiwa. Kijiprogramu hicho hakina mwenyewe anayejulikana. Aliyekiandika hakufanya hivyo kwa kuwahurumia wenye saiba wa Nairobi, na mara nyingi hicho ndicho mlango ambao virusi na wadukuzi huingilia. Fauka ya hayo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaharamisha nakala kama hizo, nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka yeyote anayeshughulikia habari za watu binafsi kuzilinda.

Jambo hili lilipata uzito mpya mnamo Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Tangu siku hiyo, kompyuta yenye mfumo huo haipati tena viraka vya usalama, isipokuwa ile iliyosajiliwa katika mpango wa nyongeza wa muda. Mrithi wake, Windows 11, hukubali rasmi kompyuta zenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na vichakato vya miaka ya karibuni pekee. Kompyuta ya mwaka 2014 iliyoingia nchini kwa jina la "ex-UK" haimo katika orodha hiyo, ijapokuwa kinanda, skrini na diski yake bado ni nzima.

Mwenye saiba basi ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua mashine mpya, jambo ambalo faida ya kuchapisha kurasa haiwezi kulibeba kwa urahisi. Ya pili ni kuendelea kama kawaida na kuomba Mungu. Ya tatu ni kuhamia Linux, na hapo ndipo wengi husita, kwa kuwa wamesikia kwamba kuweka programu katika Linux ni kazi ya wachawi.

Zamani ilikuwa hivyo. Haiko hivyo tena, na inafaa kueleza ni kwa nini.

Kiini na mikusanyo

Mnamo Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kwamba alikuwa akiunda mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu. Alichounda kilikuwa kiini, yaani ile programu inayozungumza na kichakato, kumbukumbu na diski. Vyombo vingi vilivyokizunguka vilitokana na mradi wa GNU ulioanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983, mradi ulioshikilia kwamba mtumiaji ana haki ya kuisoma programu, kuibadilisha na kumpa jirani nakala yake. Kumpa jirani nakala ndilo tendo ambalo katika ulimwengu wa Windows huitwa wizi. Katika Linux limeandikwa katika leseni yenyewe kuwa ruhusa.

Lakini kiini na rundo la vyombo havimfai mchapishaji wa barua. Ndipo vikatokea vikundi vya watu wanaokusanya vipande hivyo, kuvioanisha na kuvitoa kama mfumo mmoja kamili. Debian ulianzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian, ulitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa ufadhili wa bilionea wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth. Jina lake ni neno la lugha za kundi la Nguni lenye maana ya utu, na Mswahili hahitaji kamusi kulitambua. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waliouomba walitumiwa sidii zake bure kwa posta, na hivyo ndivyo vijana wengi wa Afrika walivyoushika Linux mkononi kwa mara ya kwanza, enzi ambazo kupakua faili kubwa kulikuwa ndoto.

Gesi bila mpira haipiki

Katika siku za mwanzo, aliyetaka programu mpya katika Linux alipakua maandishi yake ya msingi kama yalivyotoka kwa mwandishi, kisha akaiagiza kompyuta kuyageuza yawe programu inayoweza kutumika. Amri zilikuwa tatu na zingeweza kukariliwa kama sala: "./configure", kisha "make", kisha "make install". Mambo yalipokwenda sawa, programu ilikuwa tayari baada ya dakika chache au saa kadhaa. Yalipokwenda mrama, kompyuta ilijibu kwamba kuna kitu kingine kinachokosekana, na mtu akaanza kukitafuta kitu hicho, ambacho nacho kilihitaji kingine.

Mkazi wa Pipeline aliyehamia chumba kipya analijua tatizo hili vyema. Amenunua mtungi wa gesi. Bila regyuleta, mtungi huo ni chuma tu. Regyuleta nayo inataka mpira, mpira unataka meko, na regyuleta iliyokuwa ya mtungi wa kilo 13 haiingii katika ule wa kilo sita. Programu za kompyuta ziko vivyo hivyo. Programu ya kuandikia barua haijiandikii kila kitu: hutegemea maktaba moja ya kuchora herufi, nyingine ya kusoma picha, nyingine ya kuzungumza na printa. Maktaba hizo hutumiwa kwa pamoja na programu nyingi, jambo linaloipunguzia diski mzigo lakini linaloleta hatari ya programu mbili kutaka matoleo tofauti ya maktaba moja.

Jawabu la Debian lilikuwa kifurushi. Kifurushi ni faili moja, jina lake likiishia kwa ".deb", ambayo ndani yake mna programu yenyewe pamoja na karatasi ya maelezo: jina, nambari ya toleo, kazi yake, na muhimu kuliko yote, orodha ya vifurushi vingine inavyovitegemea. Chombo kinachofungua vifurushi hivyo huitwa dpkg. Huweka kila faili mahali pake na kuandika katika daftari, lililo katika saraka ya "/var/lib/dpkg", kwamba faili hii ni ya kifurushi fulani, toleo fulani. Daftari hilo ndilo moyo wa jambo zima. Siku kifurushi kinapoondolewa, dpkg hufuata daftari na kukusanya kilicho chake, bila kugusa cha mwenzake.

Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilitoa chombo cha namna hiyohiyo, RPM, mwaka 1995, na mpaka leo ulimwengu wa Linux umegawanyika kwa kiasi kikubwa katika jamaa hizo mbili. Saiba inayotumia Ubuntu au Linux Mint imo katika jamaa ya ".deb". Seva za makampuni makubwa nyingi zimo katika jamaa ya ".rpm". Anayejifunza mmoja haoni taabu katika wa pili.

Dpkg hata hivyo ina kasoro moja: haina miguu. Ukiipa kifurushi kinachotegemea vingine vitano ambavyo havipo, hulalamika na kuacha kazi nusu. Haiendi kuvitafuta. Kazi hiyo hufanywa na APT, chombo kilichozinduliwa rasmi ndani ya Debian 2.1 mnamo Machi 1999. APT husoma orodha ya maghala ya programu yaliyo katika intaneti, huhesabu ni vifurushi vipi vinavyohitajika na kwa mpangilio gani, huvipakua vyote, kisha humkabidhi dpkg avifungue. Mwenye saiba huandika "sudo apt install libreoffice" na kwenda kumhudumia mteja. Akirudi, regyuleta, mpira na meko vimekwisha kuungwa. Anayechukia kuandika amri anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa kipanya, kupitia dirisha la duka la programu au chombo kongwe kiitwacho Synaptic. Chini yake ni APT ileile.

Kuna amri mbili ambazo huwachanganya wageni kiasi cha kuwafanya wadhani mfumo umeharibika. "Apt update" haibadilishi programu hata moja. Huleta katalogi mpya tu, kama mwenye duka anayepokea orodha ya bei kutoka kwa muuzaji wa jumla. "Apt upgrade" ndiyo inayoleta bidhaa. Anayeiendesha ya kwanza kila asubuhi na kusahau ya pili hana tofauti na mtu anayesoma menyu ya hoteli kisha akalala njaa.

Bomba la Embakasi na bomba la Unix

Mtaa wa Pipeline ulipata jina lake kutokana na bomba la mafuta, mali ya shirika la Kenya Pipeline lililosajiliwa mwaka 1973. Kwa sadfa, mwaka huohuo wataalamu wa maabara ya Bell nchini Marekani walitia katika mfumo wa Unix, ambao Linux imefuata nyayo zake, kitu walichokiita pia bomba. Ni mstari wima katika kinanda, ambao huchukua matokeo ya programu moja na kuyamimina katika nyingine. Msimamizi anayetaka kujua ni vifurushi vipi vyenye neno "office" vimo katika mashine yake huandika "dpkg -l | grep office". Upande wa kushoto humwaga orodha nzima, upande wa kulia huchuja. Vyombo vidogo vinavyofanya kazi moja kila kimoja, vilivyoungwa kwa mabomba, ndiyo falsafa ya usimamizi wa mifumo hii, na ndiyo sababu msimamizi mzoefu huonekana kama anayecharaza kinanda bila kufikiri.

Ni nani aliyeitia sahihi?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili kwa mtu anayeishi kwa kuwapokea wateja wasiowajua. Flashi ya kupitishana mkononi haina njia ya kuthibitisha kwamba faili iliyomo ndiyo aliyoitoa mwenyewe. Ghala la Debian au Ubuntu linayo.

Utaratibu wake ni kama mnyororo. Kila ghala lina faili kuu iliyotiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa siri walio nao wasimamizi wa ghala pekee. Ufunguo wa wazi wa kuihakiki sahihi hiyo huja ndani ya mfumo tangu siku ulipowekwa. Faili kuu hubeba alama za utambulisho za katalogi, na katalogi hubeba alama ya kila kifurushi. Alama hiyo ni kama ya kidole: herufi moja ikibadilishwa ndani ya kifurushi, alama haifanani tena, na APT hukikataa.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Haijalishi kifurushi kimepitia wapi. Kinaweza kutoka katika seva ya mtu usiyemwamini, kupitia mtandao usiofichwa, na bado ulaghai utajulikana. Ndiyo maana maghala haya huruhusu nakala zake kuwekwa kote duniani, na Ubuntu humpa Mkenya anwani inayoanza kwa herufi "ke" ili atafutiwe ghala lililo karibu.

Ukaribu huo si wa bure. Kabla ya mwisho wa mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine jijini humo ilipanda setilaiti, ikafika ng'ambo, kisha ikarudi. Makampuni ya intaneti yalipoungana kuanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kilifungwa kwa amri ya serikali muda mfupi baadaye kwa madai kwamba hakikuwa na leseni, kikafunguliwa tena mapema mwaka 2002. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Mkazi wa Pipeline anayepakua kifurushi kutoka kwa ghala lililo Nairobi kwa sekunde chache anakula matunda ya ugomvi huo wa zamani.

Sahihi hata hivyo huthibitisha mtoaji, haithibitishi kwamba mtoaji hakukosea. Mnamo Mei 2008, Debian ulitangaza kwamba mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2006 katika kifurushi chake cha OpenSSL yalikuwa yameudhoofisha uundaji wa funguo za siri kiasi kwamba funguo zilizowezekana kwa kila aina zilikuwa 32,768 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa muda mfupi. Kifurushi kilikuwa na sahihi halali kwa takriban miaka miwili hiyo yote.

Kisa cha Machi 2024 kilikuwa cha kutisha zaidi, kwa kuwa hakikuwa kosa. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la kubuni alikuwa amejitolea kwa zaidi ya miaka miwili kusaidia mradi mdogo wa kubana faili uitwao xz, hadi akaaminiwa kuutoa rasmi. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 alificha mlango wa siri ambao ungempa uwezo wa kuingia katika seva za watu. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kushuku kwa nini kuingia katika mashine yake kulichukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Matoleo hayo yalikuwa yamefika katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini hayakuwa yamefika katika tawi tulivu ambalo watu wa kawaida hulitumia. Wepesi wa kutaka kila kipya siku kinapotoka una gharama yake, na kuchelewa kwa Debian, ambako wengi hukucheka, siku hiyo kulikuwa ngao.

Lakini asidhani mtu kwamba kutosasisha kabisa ndiyo busara. Mei 2017, virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kwa kupitia ufa katika Windows ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo. Nakala haramu ambazo wenyewe huzima masasisho kwa kuogopa kugunduliwa zilikuwa windo rahisi.

Mwenye ufunguo wa nyumba

Mfumo wa Linux humtambua mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, aitwaye root. Katika Ubuntu nenosiri lake hufungwa tangu mwanzo, na badala yake msimamizi hutanguliza neno "sudo" mbele ya amri moja, akaulizwa nenosiri lake mwenyewe, na mamlaka hayo yakamalizika muda mfupi baadaye. Mteja wa saiba huingia kwa akaunti nyingine isiyo na ruhusa hiyo. Anaweza kufungua kivinjari, kuandika na kuchapisha. Hawezi kuweka programu katika mfumo, wala kusoma faili za msimamizi. Katika saiba ambamo kila mteja hukaa katika kiti cha msimamizi, kama ilivyo desturi mahali pengi, mvulana mmoja mwenye flashi anaweza kuacha nyuma yake kinasa-herufi kitakachomngoja mama wa PIN ya KRA atakayeketi baadaye.

Ulinzi wote huu huvunjwa na mtu mmoja: msimamizi mwenyewe. Kurasa nyingi za intaneti zinazofundisha Linux humshauri msomaji anakili mstari mmoja mrefu unaoanza na "curl" na kuishia na "sudo bash". Tafsiri ya mstari huo ni: chukua maandishi kutoka kwa mtu usiyemjua, usiyasome, uyatekeleze kwa mamlaka yote ya nyumba. Hakuna daftari, hakuna sahihi. Kuongeza maghala ya watu binafsi kuna hatari iliyo karibu na hiyo, kwa kuwa mwenye ghala hilo huweza siku yoyote kutoa toleo jipya la kifurushi chochote. Ghala la mtengenezaji anayejulikana ni sawa. La jina lisilojulikana ni flashi ya mtaani iliyovaa suti.

Bando na vyombo vipya

Kwa mwenye kompyuta sita, masasisho ya megabaiti 300 ni karibu gigabaiti mbili yakipakuliwa na kila mashine kivyake. Dawa yake ni kifurushi kiitwacho apt-cacher-ng, ambacho huwekwa katika mashine moja. Nyingine huagizwa kupitia hiyo. Ya kwanza kuomba kifurushi husababisha kipakuliwe, zilizobaki hupewa nakala iliyo akibani. Sahihi hukaguliwa na kila mashine kama kawaida.

Ni katika jambo hili ambapo vyombo vipya huwakera wenye bando dogo. Snap ya kampuni ya Canonical, na Flatpak, zilikuja kutatua tatizo la maktaba kugongana kwa njia nyepesi: kila programu huja na sehemu kubwa ya mahitaji yake ndani ya furushi moja. Ni kama kila mpangaji kuhamia na mtungi wake, meko yake na tangi lake la maji. Ugomvi hupungua na programu hufungiwa katika chumba chake, ila mzigo huwa mkubwa na apt-cacher-ng haiwezi kuuhifadhi. Ubuntu hutoa kivinjari cha Firefox kama snap, ilhali Linux Mint ulikataa njia hiyo mwaka 2020 na kuendelea kukitoa kama kifurushi cha kawaida. Kwa kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne, Mint wenye sura nyepesi ya Xfce unafaa zaidi.

Yapo pia yasiyofaa kufichwa. Fomu za Excel zilizojaa makro hazikubali kila mara ndani ya LibreOffice, na mwenye saiba anayetegemea fomu za ushuru anapaswa kuzijaribu moja baada ya nyingine kabla ya msimu. Mchoraji mabango aliyezoea Photoshop hataridhika. Printa nyingine huhitaji kutafutiwa kiendeshi. Inashauriwa kubadilisha mashine moja kwanza, ikae mwezi mzima, na ile ya printa ibadilishwe mwisho.

Lugha nayo si kikwazo kipya. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Uswidi, ulizindua mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za afisi zenye menyu za Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu maandishi ya msingi yalikuwa wazi, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kampuni.

Stima ikipotea

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za umeme wa kudumu havilitilii maanani. Sasisho limefika nusu, vifurushi 40 vimefunguliwa na 20 bado, na jengo zima linaingia giza.

Stima inaporudi na mtu kujaribu tena kuweka programu, mfumo humwambia kwamba dpkg ilikatizwa kazini. Wengi hapo hudhani mashine imekufa na kutafuta flashi ya kuanzia upya. Hakuna haja. Daftari lilelile huandika hali ya kila kifurushi hatua kwa hatua: kilichofunguliwa, kilichoandaliwa nusu, kilichokamilika. Msimamizi huandika "sudo dpkg --configure -a", na dpkg hurudi mahali ilipoachia na kumaliza vilivyobaki. Iwapo kuna kifurushi kilichokosa mwenzake, "sudo apt --fix-broken install" humtafuta. Iwapo ujumbe unasema kufuli limeshikwa na programu nyingine, aghalabu ni kwamba mfumo wenyewe unasasisha kimyakimya wakati huohuo, na dawa ni kungoja dakika chache. Kuifuta faili ya kufuli, kama wengine wanavyoshauri, ni kuwaruhusu makarani wawili kuandika katika daftari moja kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo, msimamizi mwangalifu hafanyi sasisho kubwa asubuhi ya Juni 30, foleni ikiwa imefika hadi kwa kinyozi. Hulifanya usiku wa Jumapili, kompyuta moja baada ya nyingine, ile yenye akiba ya vifurushi ikitangulia na ile ya printa ikiwa ya mwisho.